Faranga Mbili kwenye Ubao Mmoja: Tathmini ya Huduma ya Kubadilisha Fedha za Rwanda na Burundi Jijini Mwanza

Mwanza haigusi mpaka wa nchi kavu na jirani yeyote, lakini inafanya biashara na majirani kila siku. Dagaa na samaki wakavu wa soko la Mwaloni, Kirumba, hupakiwa kwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Mchele wa Kanda ya Ziwa hupita Rusumo kuelekea Kigali. Na tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, lori linalotoka hapa kwenda Geita, Nyakanazi na Ngara halipangi tena foleni ya kivuko. Katika safari zote hizo bidhaa hukutana na fedha isiyo shilingi, na fedha hiyo mwishowe hurudi Mwanza ikiwa mfukoni mwa mtu, ikawekwa mbele ya dirisha la duka la kubadilisha fedha za kigeni.

Huduma ya dirisha hilo ndiyo ninayoitathmini hapa, kama inavyotolewa na maduka na benki za katikati ya jiji, kwa mteja mwenye haja moja mahususi: kununua au kuuza faranga ya Rwanda au faranga ya Burundi. Dola sikuishughulikia kwa undani, kwa kuwa dola ina wanunuzi wengi na kila mtu anaijua bei yake. Fedha ndogo za majirani ndizo zinazomuumiza mteja bila yeye kutambua, na ndizo zisizoandikiwa chochote.

Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji mwenye haraka asihangaike. Kwa faranga ya Rwanda, huduma inaridhisha kwa mtu anayebadilisha kiasi kidogo, na ni ghali mno kwa anayebadilisha kikubwa. Kwa faranga ya Burundi huduma haifai, hata pale inapotolewa na duka lenye watumishi waungwana na risiti safi. Na chanzo cha kutofaa huko hakiko Mwanza. Kiko katika historia ya fedha mbili ambazo hadi 1964 zilikuwa fedha moja.

Nianze na dukani. Maduka haya yaliruhusiwa nchini baada ya Sheria ya Fedha za Kigeni ya 1992, yakaongezeka kwa miaka mingi, kisha ukaguzi mkali wa mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019, ulioanzia Arusha na kufuatia Dar es Salaam, ukafunga mengi. Kwa muda mrefu baada ya hapo mtu wa Mwanza mwenye faranga mkononi hakuwa na pa kwenda zaidi ya benki, na benki nyingi hazikuzitaka. Maduka yaliyopo sasa yamerudi yakiwa na masharti makali zaidi, na hilo linaonekana mara tu mteja anapoingia: leseni ya Benki Kuu iko ukutani, kamera inaona kaunta yote, noti huhesabiwa kwa mashine mbele ya macho ya mwenye nazo, na hakuna muamala bila kitambulisho cha NIDA au pasipoti. Risiti hutolewa bila kuombwa na huonyesha kiasi, kiwango na jumla. Kwa usalama na kwa adabu ya kazi, sina cha kulalamikia. Watumishi wa dirishani huwaamkia wazee, huwaeleza wageni kwa subira, na hawamharakishi mtu anayetaka kuhesabu tena.

Tatizo liko kwenye ubao. Ubao wa duka una bei mbili kwa kila fedha, yaani bei ambayo duka linanunulia na bei ambayo linauzia, na faida ya duka ni pengo lililo kati ya bei hizo. Mteja wa kawaida hutazama bei moja tu, ile inayomhusu siku hiyo, akailinganisha na kile alichosikia kwenye redio, akaridhika au akanuna. Ninachomshauri ni kulitazama pengo, kwa sababu pengo ndilo gharama halisi ya huduma anayoinunua.

Tuchukue namba za mfano, zisizo mbali na hali ya mwishoni mwa 2025. Tuseme duka linanunua dola kwa shilingi 2,420 na kuiuza kwa 2,480, na kwenye mstari wa faranga ya Rwanda linanunua kwa shilingi 1.55 na kuuza kwa 1.85. Mtu mwenye shilingi 1,000,000 akinunua dola na kuzirudisha dirishani papo hapo atabaki na shilingi 975,800 hivi. Amepoteza zaidi kidogo ya 24,000. Akifanya hivyohivyo kwa faranga atapata faranga 540,540, na akizirudisha atapewa shilingi 837,800. Amepoteza zaidi ya 162,000. Huduma ni ileile, dirisha ni lilelile, mtumishi ni yuleyule, lakini gharama imezidi mara sita. Hakuna mahali kwenye ubao palipoandikwa hivyo, wala hakuna sheria inayolazimisha kuandikwa, na mteja asiyechukua kikokotoo cha simu hatajua.

Sisemi kwamba duka linamwibia mtu. Faranga inayonunuliwa Mwanza asubuhi yaweza kukaa kwenye sanduku la chuma hadi wiki ipite kabla ya kumpata anayeihitaji, na muda wote huo ni mtaji uliolala. Akitokea mteja mmoja anayetaka kiasi kikubwa, duka halina jirani wa kumkopa faranga. Na zikilijalia, hulazimika kuzisafirisha hadi Kigali au kuziuza kwa mtu anayeelekea mpakani. Tena, hakuna soko la moja kwa moja kati ya shilingi na faranga lenye wauzaji na wanunuzi wa kutosha. Bei ya faranga kwenye ubao wa Mwanza hupatikana kwa kupitia dola: duka huchukua bei ya dola kwa shilingi, hulinganisha na bei ya dola kwa faranga, hugawanya, kisha hujiongezea kinga ya kila upande. Dola ikiwa shilingi 2,450 hapa na faranga 1,450 Kigali, faranga moja ni shilingi 1.69. Kinachozidi au kupungua hapo ni ada ya duka.

Njia hiyo ya kupitia dola ina matokeo ambayo wateja wengi huyalalamikia bila kuyaelewa. Mwaka 2024 shilingi ilidhoofika hadi dola moja ikapita shilingi 2,700, kisha miezi ya mwisho ya mwaka ikapata nguvu kwa kasi hadi kukaribia 2,400. Faranga ya Rwanda ikashuka bei Mwanza, kutoka karibu shilingi 2 hadi karibu 1.75, na hakuna lolote lililokuwa limetokea Kigali. Waliokuwa wamehifadhi faranga wakisubiri zipande waliona duka limewaonea. Duka lilikuwa limegawanya tu namba mbili, na iliyobadilika ilikuwa ya kwetu.

Hapa ndipo historia inapoingia. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, mtu wa Mwanza, wa Kigali na wa Usumbura, mji ambao sasa ni Bujumbura, walitumia fedha moja: rupia ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, iliyotolewa tangu 1890, ikigawanywa kwa pesa 64 na, kuanzia 1904, kwa hela 100. Vita ilipokata njia za kutoka Ujerumani, Wajerumani walitengeneza sarafu zao za dharura Tabora mwaka 1916, za shaba na hata za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Mwaka huohuo Wabelgiji waliingia kutokea magharibi wakachukua Kigali, Usumbura na hatimaye Tabora, na Waingereza wakaichukua Mwanza mwezi Julai. Mpaka wa majeshi hayo mawili ukageuka kuwa mpaka wa fedha. Upande wetu ulipata florini mwaka 1920 na shilingi mwaka 1921, chini ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliyokaa London, kwa kiwango cha shilingi 20 kwa pauni moja. Upande wa Ruanda-Urundi uliingizwa katika faranga ya Kongo ya Kibelgiji.

Faranga hiyo ilikuwa sawa kwa sawa na faranga ya Ubelgiji, na kuanzia 1949 dola moja ilikuwa na thamani ya faranga 50. Kongo ilipopata uhuru Juni 1960 na kuingia katika misukosuko, Ruanda-Urundi ilijitoa na kuanzishiwa benki yake ya kutoa fedha pamoja na faranga yake, iliyoitwa faranga ya Rwanda na Burundi. Nchi hizo mbili zilipata uhuru siku moja, tarehe 1 Julai 1962, zikiwa bado na noti moja. Muungano huo wa kiuchumi ulivunjika, na mwaka 1964 kila nchi ilianzisha benki kuu yake. Noti za pamoja zilipigwa mhuri wa nchi husika ili zitumike wakati mpya zikisubiriwa, na faranga moja ya zamani ilibadilishwa kwa faranga moja mpya kila upande. Miaka miwili baadaye, tarehe 14 Juni 1966, Benki Kuu ya Tanzania nayo ilifungua milango na shilingi yetu ikaanza, dola moja ikiwa shilingi 7 na senti 14.

Ninaloliona kuwa muhimu zaidi kwa msomaji wa leo ni kwamba baada ya kutengana faranga hizo mbili hazikuachana upesi. Burundi iliishusha thamani yake mwaka 1965 hadi faranga 87.5 kwa dola. Rwanda ikafuata mwaka 1966 kwa faranga 100. Mwishoni mwa miaka ya 1970 dola moja ilikuwa faranga 90 Bujumbura na faranga 92.84 Kigali. Mfanyabiashara wa wakati ule angeweza kuzichanganya katika mfuko mmoja na hasara yake ingekuwa ndogo. Mwaka 1983 zote mbili zilifungwa kwenye Haki Maalumu za Kutoa Fedha, kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa, badala ya dola. Anayetafuta sababu ya tofauti ya leo katika ukubwa wa nchi, wingi wa watu au mazao hatapata jibu la kutosha, kwa kuwa nchi zote mbili ni ndogo, hazina bahari, zina watu wengi kwa eneo, na zilitegemea kahawa na chai. Tofauti imetokana na namna kila benki kuu ilivyoruhusu bei ya fedha yake isemwe.

Rwanda iliisema bei hiyo katika mazingira mabaya kupita kiasi. Ilishusha thamani ya faranga kwa asilimia 40 Novemba 1990, vita ikiwa imeanza, na tena Juni 1992. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, serikali iliyoshindwa ilikimbilia Zaire ikiwa imebeba noti nyingi kutoka katika hazina, na serikali mpya ililazimika Januari 1995 kubatilisha noti kubwa za zamani na kutoa mpya, ili fedha iliyovushwa isirudi kununua silaha au bidhaa. Mwaka huohuo wa 1995 faranga iliachwa ipangiwe bei na soko. Tangu hapo imeshuka, tena imeshuka sana ukihesabu miaka yote: ilikuwa karibu 600 kwa dola mwaka 2012, ikapita 1,000 mwaka 2021, na mwaka 2025 ikapita 1,400. Lakini imeshuka hadharani, hatua kwa hatua, na bei inayotangazwa na Benki Kuu ya Rwanda haipishani sana na bei ya duka la Kigali. Kwa sababu hiyo duka la Mwanza linaweza kuandika namba kwenye ubao wake na kuisimamia mchana kutwa.

Faranga ya Burundi ilipita njia nyingine. Vita ya wenyewe kwa wenyewe iliyoanza 1993, vikwazo vya kiuchumi ambavyo nchi jirani, Tanzania ikiwamo, ziliviweka baada ya mapinduzi ya Julai 1996 na kuviondoa Januari 1999, kisha mgogoro wa kisiasa wa 2015 ambao baada yake wafadhili wakubwa walisitisha misaada, vyote vilipunguza dola zinazoingia. Nchi ikipungukiwa na dola ina mambo mawili ya kuchagua: kuiacha bei ya dola ipande hadi wanaoihitaji wapungue, au kuishikilia bei chini na kugawa dola kidogo zilizopo kwa foleni. Burundi kwa miaka mingi ilichagua la pili. Bei rasmi ikashikiliwa, dola rasmi zikawa adimu, na pembeni likakua soko la magendo lenye bei yake. Mwaka 2020 Benki Kuu ya Burundi ilizifutia ofisi za kubadilisha fedha leseni zao ikiamini zinachochea pengo hilo, na pengo likaendelea kukua. Mwaka 2022 ofisi hizo zikaruhusiwa tena. Mei 2023 thamani rasmi ya faranga ilishushwa kwa kishindo, kutoka takriban 2,090 hadi zaidi ya 2,800 kwa dola, kwa matumaini kwamba bei mbili zitakutana. Hazikukutana. Katika mwaka 2025, bei rasmi ikiwa bado chini ya 3,000, bei ya mtaani ilizidi 6,000.

Msomaji azipeleke namba hizo dirishani. Kwa bei rasmi ya faranga 2,950 kwa dola, na dola ikiwa shilingi 2,450, faranga 1,000,000 za Burundi ni shilingi 830,000. Kwa bei ya mtaani ya 6,000 ni shilingi 408,000 tu. Duka lenye leseni haliwezi kumpa mteja 830,000, kwa kuwa likizipeleka faranga hizo Bujumbura hakuna atakayelipatia dola kwa bei rasmi. Na haliwezi kuandika 0.41 kwenye ubao bila kukiri hadharani kwamba linafuata bei isiyotambuliwa na benki kuu ya nchi jirani. Ndiyo maana mstari wa Burundi huwa mtupu, au huwa na bei ya kununulia pekee, tena ya chini kuliko hata ile ya mtaani.

Nilimsikia mama mmoja, mfanyabiashara wa dagaa kwa mazungumzo yake, akimuuliza kijana wa dirishani sababu ya utupu huo.

“Shikamoo, mama. Faranga za Burundi tunazichukua, ila bei hatujaiandika.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona ya Rwanda mmeiandika?”

“Ya Rwanda niliyokupa asubuhi nitakupa na jioni, mama. Ya Burundi siwezi kukuahidi.”

Nililiheshimu jibu hilo. Duka linaloacha mstari mtupu na kumweleza mteja kwa mdomo ni bora kuliko lile linaloandika bei ya kuvutia kisha, mteja akishatoa fedha zake, likasema hiyo ilikuwa bei ya jana. Hili la pili lipo jijini. Sitalitaja jina, lakini anayekutana nalo ana haki ya kuchukua fedha zake na kuondoka, kwa sababu bei iliyobandikwa ndiyo bei ambayo mteja anaalikwa kwayo.

Kuna hatari nyingine ya faranga ya Burundi ambayo maduka yetu hayaieleweshi ipasavyo, nayo ni umri wa noti. Mapema Juni 2023 Benki Kuu ya Burundi ilitangaza kuondoa noti za faranga 5,000 na 10,000 za toleo la 2018 na kuwapa wananchi siku 10 tu za kuzipeleka benki. Raia aliyekuwa Bujumbura alipanga foleni. Mtu wa Mwanza, wa Kigoma au wa Ngara aliyekuwa na bunda nyumbani kama malipo ya mzigo alikuwa na siku hizohizo 10, pamoja na safari, pamoja na masharti ya kuwa na akaunti huko. Noti zilizokosa njia zikabaki karatasi. Huo ndio msingi wa ushauri wangu mkali kuliko yote katika tathmini hii: faranga ya Burundi isiwekwe kama akiba upande huu wa mpaka, hata kwa wiki chache. Aliyelipwa nayo aigeuze kuwa bidhaa hukohuko Burundi, au akubaliane na mteja wake tangu mwanzo kwamba malipo yatakuwa kwa shilingi.

Wenye vizimba vya Mwaloni wameliona hilo zamani. Bei ya dagaa hutajwa kwa shilingi, na mnunuzi kutoka nje ndiye anayebeba mzigo wa kubadilisha. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotangazwa mwishoni mwa Machi 2025, zinazokataza bei za ndani kutajwa na kulipwa kwa fedha za kigeni, zimeuthibitisha utaratibu huo kisheria. Matokeo yake ni kwamba mteja wa dirishani anayeonewa na pengo la bei mara nyingi ni mgeni wetu, mnunuzi aliyesafiri kutoka Gitega au Ngozi, na kila shilingi anayoipoteza hapo ni dagaa ambao hatawanunua. Kwa hiyo ubora wa huduma hii unawahusu hata wauzaji ambao hawajawahi kushika faranga maishani mwao.

Kuhusu njia mbadala nitasema kwa ufupi. Benki hutoa bei nzuri ya dola, lakini kaunta nyingi hazipokei faranga taslimu. Kwa kutuma fedha Rwanda kutoka akaunti hadi akaunti, mfumo wa malipo wa Afrika Mashariki (EAPS) unaounganisha benki kuu umekuwepo tangu 2014 na huruhusu malipo kwa fedha za nchi wanachama. Inafaa kumuuliza ofisa wa benki kwa jina la mfumo, kwa kuwa asipoulizwa atapendekeza njia ya dola. Kutuma fedha Burundi kwa njia rasmi kuna kikwazo kilekile nilichokieleza: anayepokea anaweza kulipwa kwa kiwango rasmi, akapata nusu ya thamani. Huduma za fedha za simu zinafaa kwa matumizi ya mwanafunzi au nauli, lakini kiwango chake kionwe kabla ya kuthibitisha.

Wabadilishaji wa mpakani, wale wanaosimama Rusumo na Kabanga wakiwa na mabunda mkononi, hutoa bei nzuri kuliko duka la Mwanza, na sitamficha msomaji jambo hilo. Bei yao ni nzuri kwa sababu kwao faranga haikai; huingia na kutoka ndani ya saa moja. Hata hivyo hawana leseni, hawatoi risiti, noti bandia hupenyezwa katikati ya bunda, na mtu aliyedhulumiwa hana pa kushtaki bila kujishtaki mwenyewe. Siwapendekezi kwa yeyote, na zaidi kwa anayebeba mtaji wa wenzake.

Kwa faranga ya Rwanda, basi, hesabu iliyo bora kwa kiasi kikubwa ni ya dola. Mtu mwenye shilingi 1,000,000 za mfano wetu akinunua dola Mwanza atapata dola 403. Akiziuza Kigali kwa faranga 1,440 atapata faranga 580,000 na kitu, yaani faranga 40,000 zaidi ya zile ambazo angepewa moja kwa moja Mwanza. Tofauti hiyo inakaribia shilingi 68,000. Aombe noti za dola 100 au 50 zisizo na michoro wala mikunjo mibaya, azikatae zile za zamani zenye picha ndogo ya kichwa, kwa kuwa Kigali nako watampunguzia. Kwa shilingi 50,000 za chakula na nauli ya siku ya kwanza, hesabu hiyo haina maana: noti ndogo za dola hununuliwa kwa bei ya chini, na hasara ya kununua faranga hapahapa haifiki shilingi 4,000. Mtu huyo anunue faranga Mwanza na asafiri kwa amani.

Nina maombi mawili kwa wenye maduka, na ninayatoa kwa dhati kwa kuwa huduma yao naihitaji. La kwanza ni kuandika bei zote mbili za faranga ya Rwanda kila siku, hata siku ambayo hawana noti za kuuza, ili mteja aweze kuliona pengo. La pili ni kubandika tangazo dogo la matoleo ya noti yasiyopokelewa tena na benki kuu za Kigali na Bujumbura. Jiji hili lina Chuo cha Benki Kuu pale Capri Point na tawi la Benki Kuu yenyewe. Taarifa hiyo haipatikani kwa shida, na ingewaokoa watu wanaofika na noti zilizokufa.

Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Afrika Mashariki ilisainiwa Novemba 2013, ikilenga fedha moja ifikapo 2024, na lengo hilo limesogezwa hadi 2031. Ili faranga ya Burundi iweze kuingia katika umoja wowote, au hata kuandikwa tu kwenye ubao wa Mwanza, lazima kwanza bei zake mbili ziwe moja. Siku hiyo nitairudia tathmini ya mstari ule mtupu, na huenda alama zake zikapanda.

Kwa sasa, anayetaka faranga nyingi za Rwanda kwa mkupuo apige simu dukani siku moja kabla, kwa kuwa akiba yao ni ndogo na Ijumaa huisha mapema. Noti kubwa kuliko zote ya Rwanda ni ya faranga 5,000, ambayo kwa namba za mfano wetu ni shilingi 8,450 hivi. Faranga 1,000,000 ni noti 200, kwa hiyo aende na mkoba unaofungika. Anayevuka mpaka na fedha taslimu zinazofikia thamani ya dola 10,000 au zaidi azitolee taarifa forodhani, na risiti ya duka aiweke karibu, maana ndiyo atakayoulizwa.